Salamu Zimfikie Viktoria

Mama yangu alitua Toronto mwezi wa kumi, na tiketi yake ya kurudi mwezi wa nne akaichomeka ndani ya Biblia. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tangu baba yangu afariki. Mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba tiketi ile haitatumika. Sikuwa nimemwambia yeye wala mtu mwingine, maana mimi nikiamua jambo naanza kwanza kulitekeleza, mazungumzo yanafuata. Ndiyo sababu mume wangu alikuwa akiniita mkuu wa wilaya.

Tulikuwa tunakaa Scarborough, ghorofa ya kumi na moja, kwenye jengo la lifti mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikipumzika. Saa moja asubuhi mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda katikati ya mji, kazini kwake maabara ya hospitali, basi kisha treni. Mimi nilichukua gari kwenda Don Mills, kwenye ofisi ya bima. Binti yetu wa miaka mitano alikuwa shule, halafu kwa mlezi mpaka baba yake ampitie. Mama akabaki peke yake na friji.

"Shikamoo mama. Umeshindaje?" nilimuuliza kila jioni.

"Marahaba. Nimeshinda na friji lenu. Linakoroma, likichoka linanyamaza, halafu linaanza upya."

Mwanzoni nilicheka. Halafu nikarudi siku moja nikamkuta amelala mchana, na mama yangu si mtu wa kulala mchana hata akiumwa. Wiki ya tatu akaniambia, "Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu hapa liko wapi? Vyombo vinaoshwa na mashine, nguo zinafuliwa na mashine. Acha tu mwezi wa nne ufike." Niliogopa. Baba alikufa mimi nikiwa huku, nikaambiwa kwa simu, nikafika kaburi limeshasakafiwa. Sikutaka kupigiwa simu ya pili.

Nikajiuliza Mama anakosa nini, na jibu halikuwa mbali. Kwetu Morogoro redio ilikuwa inawashwa alfajiri na kuzimwa watu wakienda kulala. Mama alipenda kipindi kimoja kuliko vyote, cha salamu. Unanunua kadi dukani, unaandika jina lako na ulipo, unaorodhesha wote unaotaka kuwasalimia, chini unaweka ujumbe, unatuma posta. Wiki tatu baadaye mtangazaji anaisoma mbiombio, majina yakifuatana, na mtaa mzima unajua kwamba umewakumbuka watu. Watuma salamu walijipa vyeo vya kujipamba. Mama alijiita Mama wa Kona ya Reli, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa penye kona ya reli. Siku kadi yake iliposomwa, baba alikuwa anatoka nje kuhakikisha majirani wamesikia.

Redio tuliyokuwa nayo Toronto ilikuwa mbovu. Ikiwekwa jikoni ilikwaruza tu, zege la jengo lilikuwa linakula mawimbi. Wakati huohuo mji mzima ulikuwa umejaa matangazo ya redio za setilaiti. Zilikuwa kampuni mbili, zimeingia Kanada karibu pamoja, kila moja ikidai mwenzake hafui dafu. Unalipia kila mwezi, unapewa kimashine cha kutosha kiganjani, unakipachika garini, ukifika nyumbani unakichomoa na kukipachika ndani. Moja ilikuwa na boksi jekundu, nyingine boksi la buluu. Mimi nilitaka jekundu, kwa kuwa lilikuwa na chaneli ya muziki wa Afrika, rumba mchana kutwa. Mume wangu alitaka la buluu, kwa kuwa lilikuwa na mpira wa Uingereza.

"Tunanunua kwa ajili ya mama," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Lakini Jumamosi mama huwa anapumzika."

Tulibishana siku nne. Ya tano tukaenda sote dukani, kwenye plaza iliyo jirani na duka la samosa. Muuzaji alikuwa mzee wa Kigoa aliyezaliwa Nairobi, mstaafu, anafanya kazi siku chache kwa wiki ili mkewe asimchoke nyumbani. Alipomsikia Mama akiongea aliacha wateja wengine wote.

"Mama, hii mbili iko sawa tu," alisema. "Hii nyekundu iko na muziki mingi. Hii buluu iko na maneno mingi. Chukua moja wiki mbili, rudisha, chukua ingine wiki mbili. Halafu mama mwenyewe ataamua."

Mama alikishika kimashine, akakigeuza. "Na ungo wake uko wapi?"

Kwetu dishi la setilaiti watu wanaliita ungo, kwa sababu linafanana na ungo wa kupepetea mchele. Mama hakuwa tayari kuamini setilaiti isiyo na ungo. Mzee yule akamwonyesha antena, kitu kidogo cheusi mfano wa biskuti. Mama akamtazama kwa huruma.

Tulipofika nyumbani, antena ikagoma. Kitabu chake kilitaka dirisha linalotazama kusini, na madirisha yetu yalitazama upande ambao hata jua lilikuwa haliji. Mume wangu aliihamisha kutoka sebuleni hadi chumbani, na kutoka chumbani hadi bafuni. Mimi nikatoa maoni kuhusu mafundi wa maabara. Mama alikuwa anatutazama. Alipoona tumeshindwa kabisa, akaenda kwenye sanduku lake, akatoa ungo aliokuja nao kutoka Morogoro, akaiweka antena katikati yake, akafungua mlango, akausukuma nje kabisa, mwisho wa kibaraza. Redio ikaimba.

"Si nilisema," alisema Mama, akafunga mlango kwa ajili ya baridi.

Ni kwamba kule mwisho wa kibaraza kulikuwa na kipande cha mbingu ambacho ukuta haukukizuia. Tulimweleza. Alitikisa kichwa kukubali, na mpaka leo sidhani kama alikubali. Theluji ilipoanza aliufunika ungo wake kwa mfuko wa nailoni.

Wiki mbili za boksi jekundu zikapita. Rumba ilipigwa, magitaa yakalia, mimi nikirudi jioni nacheza jikoni na binti yangu. Mama alikaa kitini mikono mapajani.

"Nzuri, mama?"

"Nzuri. Wanaimba vizuri." Akafikiri kidogo. "Ila hawasemi na mtu."

Tukarudisha jekundu, tukaleta buluu. Siku ya tatu nikamkuta ameshasogeza kiti karibu na redio, kalamu mkononi. Uso wake ulikuwa umechangamka. Siku ya sita alikuwa anapika huku anasikiliza, akanifanyia ishara ninyamaze. Wiki mbili zilipoisha nilimuuliza anataka ipi, nikiwa na hakika na jibu.

"Hii ya buluu," alisema.

Mume wangu akakohoa, akaenda chumbani. Nilimsikia anacheka peke yake.

Niliumia kipumbavu. Mama na mkwewe walikuwa wanaheshimiana ile heshima ya kwetu, hawakai kiti kimoja, hawatazamani sana usoni, wakiwa na neno wanalipitishia kwangu au kwa mtoto. Nikajua amemchagulia mkwewe mpira wake kwa sababu anaona haya kumpinga. "Nawe mama," nilimwambia, "mimi ndiye niliyekuzaa?" Nilikosea maneno kwa hasira, nikageuza maneno juu chini, naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Lakini hakubadili. Buluu likakaa. Kimashine kilibaki nyumbani na Mama siku zote za kazi, mimi nikaendesha gari bila redio, na Jumamosi mume wangu alikuwa akikiazima kwa ajili ya mpira wake, kwa adabu zote, kupitia kwa mtoto.

Mwezi wa pili, Jumapili moja baada ya misa, Mama akanipa kadi. Alikuwa ameikata kutoka boksi la uji wa mtoto, akaandika upande mweupe kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, herufi zimesimama wima. Akaniambia niinunulie stempu.

"Ya wapi, mama?"

"Ya kule redioni. Mwaka mpya umekuja umepita, mimi nasikiliza watu wanavyosalimiana. Huyu Viktoria Paki anasalimiwa mara ishirini kwa siku. Viktoria, Lorensi, Kenedi, Jeni, Aleni, na mzee mmoja Doni, huyo hakosi asubuhi wala jioni. Na mimi nina watu wangu. Kwa nini nisiwasalimie?"

Sikuelewa. Akawasha redio, akaweka chaneli yake. Mtu alikuwa anasoma kwa Kiingereza, haraka, bila kupumua: Lawrence, Kennedy, Victoria Park, Jane, Allen, kisha Don Valley, kisha tena Lawrence. Ilikuwa chaneli ya foleni za barabarani na hali ya hewa. Inatangaza mchana kutwa, na barabara za mji huu karibu zote zina majina ya watu. Mama yangu, asiyejua Kiingereza, alikuwa amekaa miezi mitatu akisikiliza foleni na kudhani ni salamu.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia, "Mama, hizo ni barabara. Viktoria ni barabara. Unasikiliza foleni za magari." Nikacheka tena. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amezima redio na anaikunja aproni yake taratibu, mara mbili, mara nne, mara nane. Akaenda chumbani akafunga mlango. Kadi ikabaki mkononi mwangu na maji yameshamwagika.

Sikuthubutu hata kumrudishia. Nilishuka nikaichomeka juu ya kioo cha gari, kwenye kile kifuniko cha kuzuia jua, nisiione wala nisiitupe.

Siku tatu redio haikuwashwa. Friji likarudi kukoroma. Siku ya tatu jioni nikamsikia Mama anamwambia binti yangu, ili baba yake asikie, "Mwambie baba aniulizie, tiketi yangu inaweza kurudishwa nyuma hadi mwezi wa tatu?"

Usiku mume wangu aliniambia neno moja tu, bila kuinua sauti. "Umemcheka mama." Miaka yote niliyoishi naye hajawahi kunisema hivyo.

Asubuhi kabla hajatoka alikaa mezani na karatasi, akaandika kwa herufi kubwa zenye nafasi, ili zisomeke na mtu mzima bila miwani. Akaandika LORENSI. Chini yake VIKTORIA PAKI, chini yake DONI, chini yake EGLINTONI. Akamwita mtoto. "Mpelekee bibi. Mwambie hizi ndizo barabara za mama yako. Asubuhi anazipita kutoka juu kwenda chini, jioni kutoka chini kwenda juu."

Mtoto akaenda akagonga mlango wa bibi, akaeleza nusu Kiswahili nusu Kiingereza, akasahau habari ya jioni. Baba yake akaisema kwa sauti kutoka mezani, akiwa ameupa mlango mgongo. Mama hakutoka. Karatasi ilipita chini ya mlango.

Wiki ile ikaja theluji ambayo watu wa ofisini walikuwa wanaitazama dirishani tangu saa tisa wakisema waondoke, na hakuna aliyeondoka. Niliingia Don Valley saa kumi na moja. Gari lilisogea kidogo likasimama. Mbele lori lilikuwa limelala ubavu. Nilikaa pale saa mbili na ushee, simu imeishiwa chaji, theluji inafunika kioo, waipa zinaifuta, inarudi. Nililia kidogo, si kwa sababu ya theluji. Nilijua Mama atakuwa amelala kitandani uso ukutani, na kwamba mimi mwenyewe nimemfungashia mizigo yake kwa kicheko.

Nilifungua mlango wa nyumbani saa mbili usiku, miguu imeloa. Mume wangu na mtoto walikuwa wameshafika zamani, wamekaa kimya kama watu walioambiwa wakae kimya. Mama alikuwa jikoni, redio inaongea. Aliponiona hakuuliza nilikuwa wapi. Alikuwa anamimina chai, na ilikuwa inatoa mvuke.

"Kaa," alisema. "Saa kumi na moja na robo wakamtaja Doni. Wakasema stopu, mtoto akaniambia magari yamesimama. Wakasema tena stopu. Mkwe akataka kwenda kukutafuta kwa miguu, nikamwambia mtoto amwambie baba yake akae, mwenye gari yuko kwa Doni, hajafika hata kwa Viktoria. Saa moja na nusu wakasema sloo. Nikajua unatembea. Wakamtaja Viktoria, wakasema klia. Njia imefunguka, nikabandika chai."

Karatasi ya mume wangu ilikuwa mezani. Pembeni ya kila jina kulikuwa na vijistari vya kalamu, safu kwa safu. Havikuwa vya siku ile tu. Alikuwa ameisikiliza tangu asubuhi ileile ilipopita chini ya mlango, redio ameipunguza sauti ili mimi nisijue.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

"Kunywa kwanza."

Nikanywa. Alikuwa ameweka tangawizi nyingi, nikakohoa, akanigonga mgongoni. Kisha akamgeukia binti yangu, ingawa mume wangu alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka pale. "Mwambie baba ile habari ya tiketi aiache. Ya mwezi wa tatu, na hata ya mwezi wa nne. Nikiondoka, nani atamsikiliza mama yako barabarani?"

Mume wangu akamwambia mtoto amwambie bibi ahsante.

Mama alikaa nasi miaka tisa. Tulihangaika na karatasi za uhamiaji, zikakubali. Kila asubuhi alituaga mlangoni, akaenda kuwasha redio yake. Akajifunza stopu, sloo, klia, aksidenti, akajua mji huu kwa masikio kuliko madereva wengine wanavyoujua kwa macho. Wakati fulani tulimpeleka Unionville kwenye harusi ya rafiki, akaniambia kutoka kiti cha nyuma, "Usipite kwa Kenedi, amebanwa tangu saa nne." Alikuwa sahihi. Ungo ulioza kwenye kibaraza, tukanunua mwingine kwa Wahindi, na hakuna aliyethubutu kuweka antena mahali pengine.

Zile kampuni mbili zikaja kuungana zikawa moja. Rumba yangu na mpira wa mume wangu vikaingia kwenye boksi moja, na kile tulichobishania siku nne kikawa hakina maana. Nilimweleza Mama, akauliza tu kama foleni itabaki. Ilibaki. Yeye ndiye aliyetangulia. Tulimrudisha Morogoro tukamzika pembeni ya baba, penye kona ya reli, na safari hii nilikuwapo nikatupa udongo kwa mkono wangu.

Gari lile nililiuza. Kabla sijalitoa nilichomoa kadi kwenye kile kifuniko na kuipachika kwenye gari jipya, bila kuisoma. Nilikuwa sijawahi kuisoma yote. Nilikuwa naona mwandiko ule, naona aibu, naigeuza.

Binti yangu alipopata leseni ya kujifunzia, nilikuwa nakaa pembeni yake mguu wangu ukikanyaga breki ambayo haipo. Yeye ni mtoto wa huku, Kiswahili anakisikia chote na kukujibu kwa Kiingereza. Jioni moja tukasimama Don Valley, foleni haisogei, jua linatuchoma macho. Redio ikasema Don Valley, stopu. Akashusha kifuniko cha jua, na kadi ikamwangukia mapajani.

"Ya nani hii?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ya bibi. Soma."

"Kwa Kiswahili?"

"Huoni imeandikwa kwa lugha gani? Soma, magari hayaendi popote."

Akaisoma kwa sauti, anajikwaa, anarudia, kama watoto wa huku wanavyosoma. "Mimi Mama wa Kona ya Reli, sasa nipo Skaboro, Kanada, ghorofa ya kumi na moja. Salamu zangu zimfikie binti yangu, popote alipo barabarani. Zimfikie mkwe wangu, mtu wa adabu. Zimfikie mjukuu wangu, ambaye siku moja atanijibu kwa lugha yangu. Zimfikie na yule mzee wa Kigoa wa dukani." Akaishia hapo.

"Endelea na ujumbe," nilimwambia. "Salamu haziachwi bila ujumbe."

"Ujumbe," akasoma. "Njooni polepole. Chai ipo."

Gari la nyuma yetu likapiga honi kidogo, foleni ikasogea hatua chache, ikasimama tena. Binti yangu alikuwa ameishika kadi kwa mikono miwili. Aliniuliza, kwa Kiswahili, "Mama, nimesoma vizuri?" Nikamwonyesha kwa kidole asome tena, tangu mwanzo, na asome kwa sauti.